Mafundo Matano ya Noélie Fargues

Noélie Fargues alikuwa hajibu salamu mpaka ajue imetoka wapi. Ukimwamkia asubuhi, anakutazama kwanza viatu, halafu mikono, halafu anauliza, "Kwani umesikia nini?" Niliuza jibini ya mbuzi hatua chache kutoka kwake kwa miaka thelathini na moja, kila Alhamisi, katika soko la Monsegrac, na nadhani kwa muda wote huo alinijibu salamu mara sita. Mara mbili kati ya hizo alikuwa na homa.

Simsengenyi marehemu. Nasema kwa sababu siku ya mazishi padri alimwita mama mwenye moyo mweupe, na nilijiuma mdomo nisicheke mbele ya jeneza. Moyo huo alikuwa nao, sikatai. Lakini alikuwa ameufungia kabatini, akafunga na chumba, na ufunguo hakumwachia mtu.

Aliuza jozi, zile kokwa za kupasua kwa nyundo, na mayai. Jozi zake alizifunika kwa kitambaa hata wakati wa kuuza. Mteja akitaka, anafunua pembe moja, anapasua tatu mbele yake kuonyesha kwamba si tupu, kisha anafunika tena huku akimtazama mfuko wa koti. Alipomzika mumewe, Amédée, alimshuku daktari. Kuku akiacha kutaga, alimshuku jirani. Jioni alirudi nyumbani kwa njia tofauti na ile aliyokuja nayo asubuhi, ingawa mitaa ya Monsegrac imenyooka yote kama mistari ya daftari, na ukisimama uwanjani unaona mtu anaelekea wapi mpaka kwenye ukuta.

Mimi alinishuku kuliko wote, na lazima niseme mapema kwamba alikuwa na haki.

Ukuta wa mji wetu umebomoka nusu, na malango manne yamebaki mawili, lakini sheria ya soko haijaguswa tangu siku mji ulipopimwa. Kengele ya kanisa ikigonga saa mbili asubuhi ya Alhamisi, kila mahali pa kuuzia chini ya banda la soko pawe na mtu wa jiko la mwenyewe, amesimama. Pakiwa patupu, mtu wa kwanza kusimama hapo ndiye mwenyeji kuanzia siku hiyo. Hakuna barua, hakuna rufaa. Mtu mmoja, mahali pamoja. Na mtu wa jiko si lazima awe ndugu. Ni yule aliyekula supu ya sufuria yako akamalizia kwa divai: supu ikibaki kidogo chini ya bakuli, unaimiminia divai nyekundu, unaizungusha, unainua bakuli kwa mikono miwili na kunywa. Mgeni hupewa glasi. Bakuli ni kwa wa nyumbani.

Mahali pa Noélie palikuwa kwenye nguzo ya tatu, upande wa kisima. Ndipo pazuri kuliko pote bandani. Upepo haufiki, mvua haifiki, na watu wa mitaa miwili lazima wapite mbele yako. Na hapo, zamani, palikuwa petu. Asubuhi moja ya baridi kali gurudumu la mkokoteni wa babu yangu lilivunjika darajani, akaingia uwanjani dakika tano baada ya kengele. Akamkuta mama yake Noélie amesimama pale na kikapu cha mayai, anatazama juu kama mtu anayehesabu vigae vya paa. Tangu siku ile sisi kina Delbosc tumeuza kwenye kona ya chini ya mfereji wa paa, ambako mvua ikinyesha maji yanaingia kwenye kola ya shati.

Kwa hiyo nilikua nikiitazama ile nguzo. Jumanne moja, soko likiwa tupu, nilikwenda na kamba nikapima mahali pake, nikafunga fundo kila penye upana wa sinia la jibini. Yalitoka mafundo saba. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kujua ningeweka wapi meza, kama ingetokea. Kamba yenyewe niliipoteza siku ileile, nikaitafuta, nikaacha.

Miaka mingi baadaye nyonga ya Noélie ikakataa. Daktari akasema lazima awekewe ya chuma, na atalala hospitali ya mjini, kilomita arobaini kutoka kwetu, Alhamisi tano zipite. Hakuwa na mtoto. Amédée alikuwa keshakufa. Watu wakajitolea, na hapo ndipo mateso yalipoanza.

"Mimi nitakusimamia, shoga," alisema Irma, mjane wa nyumba inayotazamana na yake, ambaye walikuwa wote tangu shule.

"Una mkwe."

"Mkwe wangu anauza matairi."

"Leo matairi. Kesho jozi."

"Basi Raoul," mimi nikasema. Raoul ndiye msimamizi wa soko.

"Raoul ana binamu wanane, na hakuna hata mmoja mwenye mahali."

"Basi mimi, Noélie."

Alicheka mpaka akaishika nyonga. "Wewe, Firmin? Si afadhali nimwite fisi nimkabidhi bucha."

Nilinyanyua masinia yangu nikaenda zangu. Iliniuma, na iliniuma zaidi kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimefikiria ile kona ya kushoto ya nguzo, jinsi jua la saa nne linavyoifikia.

Ndipo akaja Mholanzi. Aliitwa Liesbeth, mwanamke mrefu wa makamo mwenye nywele za kijivu zilizokatwa fupi, na gari dogo lililojaa karatasi. Alikuwa anazunguka miji yote ya soko yenye kuta katika nchi yetu, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa na orodha. Watalii tumewazoea. Wanakuja Julai, wanatazama matao ya baraza, wanakula aiskrimu, wanapiga picha ya mbwa wa bucha, wanaondoka. Huyu alikuja Novemba, kwenye ukungu, peke yake, na akakaa. Nani anakuja Monsegrac Novemba? Alipima uwanja kwa hatua. Alilala chali bandani kutazama maungo ya mbao. Siku moja aliweka kiganja kwenye nguzo ya tatu, akafumba macho.

Mimi nilisema ni dalali wa wale wanaonunua nyumba zetu wakazifunga miezi kumi kwa mwaka. Raoul alisema ni wa serikali. Irma alisema amemkimbia mume, na kwamba huyo mume bila shaka atakuja na bunduki. Noélie yeye alimfuata mpaka kwenye kisima, akichechemea.

"Wewe unatafuta nini hapa?"

"Sitafuti, mama. Nachora."

"Unamchorea nani?"

"Najichorea tu."

"Mtu hachori bure."

"Mimi nachora bure, mama. Mume wangu pia hakunielewa."

"Na ukimaliza hapa?"

"Nakwenda mji mwingine. Imebaki kumi na tisa."

Nilikuwa naosha masinia pale kisimani, nikamwona Noélie usoni jinsi alivyokuwa anaigeuza ile kumi na tisa. Baadaye alinieleza mwenyewe, si kwa wema, ila kunikoga. "Wewe una nyumba hapa. Irma ana mkwe. Raoul ana ukoo. Yule hana hata paka. Akiniibia mahali pangu, atapapeleka wapi?"

Ndivyo mwanamke mshuku kuliko wote Monsegrac alivyomkabidhi nguzo yake mtu ambaye hakuna aliyemjua jina la baba. Liesbeth alikubali kwa furaha iliyonitia wasiwasi. Alisema ameona masoko hamsini na hajawahi kusimama upande wa ndani wa meza hata moja. Noélie akamwita Raoul awe shahidi, akapika supu ya kabichi na maharage yenye mafuta ya bata bukini, akamketisha Liesbeth mezani. Mimi nilitazama kutoka mlangoni, kwa sababu sikualikwa lakini mlango ulikuwa wazi. Ilipofika divai, mwanamke wa watu alikohoa, nyingine ikamteremka kidevuni.

"Imepita," Raoul akasema.

"Nusu imemwagika," Noélie akasema.

"Imepita, Noélie. Ni mtu wa jiko lako."

"Haya. Lakini kitambaa cha meza atafua mwenyewe."

Kabla ya kwenda hospitali alipanga mambo, kwa kuwa Liesbeth angelala nyumbani kwake. Madirisha ya chini yalikuwa na nondo tangu zamani. Mlango ni wa mwaloni na ufunguo wake mmoja tu, mkubwa kama koleo. Huo hakumwachia Liesbeth. Alimpa Irma, na amri: jioni amfungie Mholanzi kwa nje, asubuhi saa kumi na mbili amfungulie, asije akaondoka usiku na saa ya ukutani. Liesbeth alipoambiwa alicheka, akasema tangu utotoni hajawahi kufungiwa ndani kama kuku.

Alhamisi ya kwanza alisimama. Ya pili alisimama. Aliwaonjesha watu jozi bila kuombwa, na kitambaa alikikunja akakiweka chini ya meza, na kila Jumatano Irma alipelekwa na mkwe wake hospitali kutoa ripoti ya fedheha hizo zote. Mimi nilikuwa namtazama. Nilimwona akichora mlango baada ya mlango, na siku moja nikashindwa kunyamaza.

"Dada, mbona milango yetu unaichora imefungwa yote?"

"Naichora jinsi ninavyoikuta, Bwana Firmin."

Nikarudi kwenye kona yangu. Niliendelea kumshuku, lakini usiku ule nilikula bila hamu.

Alhamisi ya nne kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Nilikuwa nasukuma mkokoteni wangu kupita mtaa wa Noélie, saa mbili kasoro ishirini, nikasikia sauti juu.

"Bwana Firmin. Samahani. Nimefungiwa."

Liesbeth alikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza, amevaa koti tayari. Nikatazama nyumba ya Irma. Mbao za madirisha zilikuwa zimefungwa na moshi hakuna. Liesbeth akanieleza: jana Irma alikuja kumfungia mapema, saa kumi jioni, ili awahi kwenda hospitali na mkwe wake. Hawakurudi. Nikaelewa. Yule mkwe haendeshi gari kwenye ukungu. Wamelala mjini, na ufunguo umelala nao, ndani ya mfuko wa aproni ya Irma.

"Huwezi kuruka?"

"Naweza. Lakini sitaweza kusimama baada ya hapo, na nasikia kinachotakiwa ni kusimama."

Kisha akaongeza, polepole, kama mtu anayekiri dhambi. "Kusema kweli, Mama Noélie aliniambia likitokea jambo lolote nimwite mtu yeyote, ila si wewe. Lakini nimeita robo saa nzima, na hakuna aliyepita ila wewe."

Nitasema nilichohisi. Kwanza nilihisi furaha. Dakika ishirini. Nilikuwa na mkokoteni, masinia na miguu miwili. Ningeendelea tu na safari yangu, kama mtu asiyesikia vizuri, na kengele ikigonga ningekuwa kwenye nguzo ya tatu natazama vigae vya paa. Babu angelala vizuri kaburini. Hakuna ambaye angenilaumu mbele yangu. Nilisukuma mkokoteni hatua tatu, naziona mpaka leo hatua zile.

Halafu hasira ikanipanda. Si kwa Liesbeth, kwa Noélie. Ila si wewe. Yaani hata amelala kitandani na chuma kwenye nyonga, bado ananiona pale, nimenyoosha mkono. Miaka thelathini na moja alikuwa ananingoja niibe, na siku nikiiba atalala kwenye mto wake wa hospitali aseme, "Si niliwaambia?" Nikaona raha atakayoipata. Nikasema moyoni, raha hiyo, mama, leo huipati.

"Sufuria ya supu ipo?" nikauliza.

"Ipo jikoni. Ya jana."

"Ipashe. Haraka. Na utafute divai."

Liesbeth hakuuliza swali, na kwa hilo nilimsamehe mengi. Wakati anapasha, Raoul akatokea kwenye ukungu na daftari lake kwapani, anaelekea sokoni. Nikamshika koti.

"Simama hapa ushuhudie."

"Nishuhudie nini?"

"Mimi nakula."

Kapu likashuka kwa kamba kutoka dirishani, lile Noélie alilotumia kupandishia mkate ili asimfungulie mwokaji. Ndani yake mlikuwa na bakuli la udongo lenye ufa, supu ya moto, na kijiko. Nikala nimesimama mtaani, kofia kichwani, mvuke unanipofusha. Raoul alinitazama kama mtu aliyeletewa ng'ombe akaambiwa ni farasi.

"Firmin, hii ni supu ya Noélie?"

"Ya sufuria yake, ya jiko lake. Umeiona inatoka dirishani kwake."

"Lakini hukukaa mezani."

"Sheria inasema meza?"

Akafikiri. "Haisemi meza." Akafikiri tena. "Inasema divai."

Kapu likapanda, likashuka na chupa. Nikamimina, nikazungusha, nikanyanyua bakuli kwa mikono miwili, nikanywa yote, na tone halikunidondoka kidevuni. Raoul akafungua daftari, lakini hakuandika.

"Mtu mmoja, mahali pamoja," alisema. "Ukimsimamia Noélie, pako panabaki patupu. Unajua?"

"Nani atapataka, chini ya mfereji?"

Tukacheka wote wawili. Kapu likashuka mara ya tatu na gunia la jozi, nikalipakia juu ya jibini, tukaenda mbio, wazee wawili na mkokoteni, kwenye mawe yanayoteleza.

Kengele ilinikuta kwenye nguzo ya tatu. Ilikuwa mara ya kwanza kusimama pale soko likiwa na watu. Hakuna upepo, kama walivyosema. Nikageuka kutazama kona yangu, na ndani ya ukungu nikamwona Gaston, yule muuza soksi mwenye gari la buluu, aliyekuwa akija kila Alhamisi mwaka mzima kungoja kwenye kona ya uwanja bila mahali. Alikuwa amesimama chini ya mfereji wetu, mikono nyuma. Maji yalimdondokea begani na hakujali hata kidogo.

Raoul alikuja mpaka kwangu. "Pole, Firmin."

"Andika," nikamwambia. Jibini yangu ilirudi nyumbani siku ile kama ilivyokuja, kwa sababu sikuona haki kuiweka juu ya meza ya Noélie.

Irma alirudi mchana na ufunguo, akilia. Liesbeth alisimama Alhamisi ya tano, halafu akaondoka kwenda mji wa kwanza kati ya ile kumi na tisa. Aliniaga kwa kunipa mkono. Mimi nikampa jibini.

Noélie akarudi kwa magongo mawili. Siku ya pili tu alikuwa mlangoni kwangu, na nyumbani kwangu alikuwa hajawahi kufika maisha yake yote.

"Nimeambiwa ulikula supu yangu."

"Nilikula."

"Barabarani, kama mbwa."

"Mlango ulifungwa. Na aliyeufunga ni wewe."

"Divai ipi?"

"Aliyoteremsha."

"Chupa yenye nta nyekundu?"

"Sikutazama nta, Noélie. Nilikuwa na haraka."

"Ile niliiweka ya mazishi yangu."

"Basi usife."

Alinitazama viatu, halafu mikono. Nilingoja kuulizwa nimesikia nini. Badala yake akasema, "Ulikuwa na dakika ishirini. Mama yangu zilimtosha tano."

"Najua."

"Kwa nini, basi?"

"Kwa sababu ulikuwa na hakika."

Kisha akageuka na magongo yake. "Alhamisi usichelewe," akasema, tayari ananipa mgongo.

Sikuelewa, kwa sababu sikuwa tena na mahali pa kuchelewa kufika. Lakini nilikwenda. Alikuwa ameketi kwenye nguzo ya tatu, kitambaa kimerudi juu ya jozi. Akaingiza mkono kwenye aproni, akatoa kamba. Ilikuwa nyeusi kwa uchafu, lakini mafundo niliyatambua. Saba. Damu yote ilinipanda usoni, mtu mzima mimi.

"Uliiangusha Jumanne," akasema. "Nguo zilikuwa bado za kiangazi. Miaka kumi na minane sasa."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uje kuitafuta."

Akaniamuru nishike ncha moja, akainyoosha kamba kutoka kwenye nguzo mpaka mwisho wa mahali pake, akaweka alama ya chaki kwenye fundo la pili. "Mawili yako. Matano yangu. Raoul anasema wewe ni mtu wa jiko langu. Mimi sikukuchagua, lakini supu imeshaingia tumboni, na kutoka haitoki."

Niliweka masinia mawili. Nilitaka kumshukuru, ila alikuwa keshaanza kunitazama mkono kama unavuka chaki.

Hivyo ndivyo tulivyokaa miaka minne. Mji mzima ulitucheka, wakasema Firmin kapata jiko uzeeni, na kweli kila Jumapili nilikuwa naitwa kula supu, kwa maana Noélie alishuku kwamba supu moja haitoshi kisheria na kwamba Raoul ni mjinga. Nilikunywa divai bakulini. Baada ya kula alihesabu vijiko, mbele yangu, bila kuficha. Mwaka wa pili Liesbeth alituletea mchoro kwa posta: mtaa kwenye ukungu, kapu linashuka, na mtu mwenye kofia ameinamia bakuli. Noélie aliutazama sana. "Kwa nini bakuli langu kalichora na ufa?" akauliza. Lakini aliutundika juu ya kabati, na alipokuja mtu aliugeuza ukutani.

Alikufa Februari hii, usingizini, mlango umefungwa kwa ndani. Tulivunja kufuli mimi na mkwe wa Irma. Kwenye mazishi nilipeleka chupa yenye nta nyekundu, kwa sababu ile yake niliinywa mimi mtaani. Nililia pia, na sikujali nani anatazama.

Alhamisi iliyofuata nilifika bandani mapema kuliko watu wote. Nguzo ya tatu ni yangu sasa, yote, kwa sheria ileile iliyomponza babu. Raoul alipita na daftari lake.

"Tandaza vitu, Firmin. Kuna nini tena? Ni pako."

"Nimezoea mawili," nikamwambia.

Gaston wa soksi anapatazama sana siku hizi, pale penye mafundo matano. Anajifanya anafunga kamba za viatu. Mimi namwona. Akiniamkia, namtazama mikono kwanza. Kwa hiyo kila Alhamisi, saa mbili ikikaribia, naacha jibini yangu kwenye masinia mawili, navuka alama ya chaki na kusimama upande wa Noélie mpaka kengele imalize kugonga. Halafu narudi upande wangu, naanza kuuza.